Kimya Kwenye Kanda

Otahuhu, Auckland
4 Machi 1997

Shangazi yangu Seluvaia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na wanawake wa kikundi chako bado wanakuogopa. Sisi huku hatujambo. Baba yuko zamu ya asubuhi kule kiwanda cha nyama, na anakusalimu kwa heshima zote. Nilipomwambia nakuandikia, alikaa wima kwenye kiti kana kwamba dada yake ameingia sebuleni. Mama anasema viazi vikuu ulivyotuma vimefika, na viwili tayari tumevimaliza.

Sasa Shangazi, kaa chini kwanza. Umekaa? NIMECHUKULIWA! Chuo kimenikubali, nasomea ushauri nasaha, na hivi ninavyokuandikia nina wiki mbili darasani! Barua ya chuo ilipofika nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Najua utasema, ushauri gani huo wa kusomea, mbona wewe mwenyewe umekishauri kijiji kizima cha Makave na hakuna aliyekuomba. Huku watu wana shida zao, Shangazi, na wa kwetu wanazificha chini ya mkeka. Nikimaliza nitakuwa na chumba changu, na mlango, na mtu wetu atakayeingia atakuta anayemwelewa.

Darasani Wazungu ni wengi. Wa visiwani tuko wawili tu, mimi na Msamoa mmoja anaitwa Leitu, akicheka anasikika hadi barabarani. Mwalimu wetu ni mama wa makamo, Glenys Harrow, anavaa viatu vya wazi na soksi ndani. Si mbaya. Ila anataka tumwite Glenys. Glenys tu, kama vile tumekua naye! Nilijaribu nyumbani mbele ya kioo, halikutoka. Kwa hiyo mimi nasema "Mwalimu," yeye anasema "Glenys," nami nasema "ndiyo, Mwalimu." Leitu huwa anajiziba mdomo kwa daftari.

Na sikiliza hii. Juzi Mwalimu katuambia tuchore mti wa ukoo. Mimi nikakuchora wewe juu kabisa, halafu Baba chini yako, kama ilivyo kwetu, dada juu ya kaka. Akapita, akainama, akauliza, "Huyu wa juu ni bibi yako?" Nikasema hapana, ni dada wa baba. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba shangazi anakaa pembeni. Pembeni! Nikasema ndiyo, Mwalimu, na nikakuacha hapo hapo juu.

Nakumbuka siku ile uwanja wa ndege pale Vava'u, nilipokuwa nakuacha baada ya kunilea miaka yote ile. Nilikuuliza kama utanikumbuka, hukusema neno, ukainua nyusi tu, nami nikapanda ndege nimetosheka. Bado natembea na jibu lile.

Halafu nina swali. Wewe zamani ulikuja kusomea uuguzi hapa hapa Auckland. Mwalimu wako alikuwaje? Hujawahi kunisimulia.

Mwanao,
Temaleti


Makave, Vava'u, Tonga
2 Aprili 1997

Mwanangu Temaleti,

Marahaba. Goti ni lile lile, tumezoeana. Kikundi kinaendelea kupiga magome kutwa, na kelele za nyundo zetu zimemfanya mchungaji ahamishe chumba cha kuandikia mahubiri. Naye nguruwe wake akaja akala wanga wote tuliokwisha kuupika wa kugandishia vitambaa vya magome, ngatu zetu. Nikamwambia mchungaji huyo nguruwe wake sasa ni mwanachama, Jumatatu aje kufanya kazi.

Habari zako nimezisoma kanisani baada ya ibada, kwa sauti, mara mbili. Wenye wivu walikaa mbele. Nimefurahi mpaka nimempa jirani yangu sufuria niliyoapa simpi.

Kuhusu mwalimu wako. Mwalimu ni mwalimu. Siku ukimwita kwa jina lake nitajua, usiniulize nitajuaje. Ukiambiwa sikiliza, ukikosolewa inamisha kichwa, usimjibu mtu mzima. Na huo mti, umenichora vizuri. Mkumbushe baba yako.

Umeuliza habari za uuguzi. Kulikuwa na baridi, nikarudi. Basi.

Kula chakula chenye uzito, usile mikate tu.

Shangazi yako


Otahuhu
26 Mei 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hatujambo sote. Jumapili ya watoto kanisani ilipita salama, mdogo wangu alisahau mstari wake katikati, akatazama dari, akaanza kuimba wimbo wa redioni. Mama alitamani ardhi ipasuke. Baba alicheka mpaka akatoka nje.

Shangazi, mtihani wa kanda nimeufanya! Nakueleza. Kila mwanafunzi anaingia chumbani na mwenzake mmoja, huyo mwenzake anakuwa mteja na analeta jambo lake la kweli. Mnafunga mlango, mnawasha rekoda, mnazungumza. Kanda inapelekwa kwa Mwalimu, anakwenda kuisikiliza kwake. Huu ndio mtihani wenyewe, mingine yote ni mapambo. Ukifaulu unaendelea na unapelekwa kufanya kazi na watu halisi. Ukianguka unapewa nafasi nyingine moja, na ukianguka tena unafunga virago.

Mteja wangu alikuwa Leitu. Alizungumza habari za mama yake, aliyefariki kule kwao Savai'i mwaka juzi, na yeye hakuwahi maziko. Ee Shangazi! Sijui nikuelezeje. Alisema maneno machache, halafu akanyamaza, nami nikanyamaza naye, lakini tulikuwa tunaongea. Nilimuuliza kama ana hasira na mama yake kwa kuondoka bila kumsubiri. Hakukwepa. Hajawahi kumjibu mtu yeyote swali lile, akanijibu mimi! Tulitoka tumevimba macho, na njaa inatuuma, tukaenda kununua chipsi tukala zote tukiwa tumesimama.

Nimeiweza, Shangazi. Nimeiweza, nimeiweza! Majibu ni wiki ijayo. Nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Mwanao,
Temaleti


Makave
20 Juni 1997

Mwanangu,

Marahaba. Huku wazima, ukiacha mzee jirani anayekohoa kwa makusudi ili apelekewe supu. Nyangumi wa kwanza wameonekana, wamewahi mwaka huu. Ngatu ya harusi ya watu wa Neiafu imekwisha, ndefu kuliko kanisa.

Umesema wiki ijayo. Nimehesabu wiki, nikadhani nimekosea, nikahesabu tena. Majibu yako wapi?

Kila Jumapili wananiuliza, na mimi si mtu wa kukosa la kusema.

Shangazi yako


Otahuhu
30 Julai 1997

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Sote wazima. Huku baridi mwaka huu imezidi, asubuhi majani yanakuwa meupe na gari la Baba haliwaki mpaka alisukume. Mama amenunua hita lakini inanuka. Mvua nayo haikatiki. Jana upepo uliangusha uzio wa jirani na mbwa wake akaja kukaa kwetu. Wanasema Agosti itakuwa baridi zaidi. Nguo hazikauki, tunazianika ndani, sebule nzima imejaa soksi.

Chuo kinaendelea. Mwalimu Glenys hajambo.

Nafikiri pengine baridi hii si ya watu kama sisi.

Wasalimie wote.

Temaleti


Makave
15 Agosti 1997

Temaleti,

Nimepokea taarifa yako ya hali ya hewa. Ningetaka hali ya hewa ningewasha redio.

Hii hata kanisani sikuisoma. Niliikunja nikaitia kwenye Biblia, watu wakauliza, nikawaambia ni mambo ya ukoo.

Mimi nimekaa na neno hilo "baridi" tangu nikiwa msichana. Nimelitumia kwa mama yangu, kwa baba yako, kwa wachungaji watatu waliopita na huyu wa sasa. Ni neno zuri, halina maswali. Ndiyo maana nikilisikia kwa mwingine nalijua. Kwa hiyo usinifanye mtoto. Umeanguka?

Niandikie yote. Usiache kitu, hata kile unachoona aibu.

Shangazi yako, wa juu kabisa


Otahuhu
2 Septemba 1997

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Ndiyo. Nilianguka.

Nimeliandika, na dari haikuporomoka. Baba na Mama hawajui. Nilimwambia Baba kanda zimechelewa, na yeye kila siku akirudi kazini ananitazama tu, haulizi, nami najisikia vibaya mno.

Ilikuwa hivi. Mwalimu aliniita ofisini, akafunga mlango, akatia chai. Nikajua. Akabonyeza rekoda tukasikiliza. Inasikika sauti yangu ikimuuliza Leitu lile swali, kama ana hasira na mama yake. Halafu kimya. Halafu kwa mbali basi linapita. Halafu kimya tena. Halafu Leitu analia. Halafu kimya. Mwalimu akazima. Akaniuliza, "Temaleti, hapa ulikuwa wapi? Mteja wako anaangua kilio na wewe husemi hata neno moja. Umemwacha peke yake." Kwenye karatasi ya maksi alikuwa ameandika: "Mshauri hayupo."

Hayupo, Shangazi! Nilikuwepo kuliko nilivyowahi kuwepo mahali popote duniani! Lakini na mimi niliisikia kanda kwa masikio yangu, na kweli hakuna mtu mle. Nikainamisha kichwa nikasema ndiyo, Mwalimu. Akasema nimtazame machoni. Nikashindwa. Akaandika na hilo.

Tangu hapo nikawa najiambia labda kweli sina kitu. Nilikuwa naingia darasani nakaa nyuma. Nikawa napanga namna ya kukuambia narudi nyumbani, nikakuandikia ile barua ya soksi.

Ilipofika barua yako, nililia, halafu nikaenda kwa Leitu, tukaisikiliza kanda pamoja jikoni kwao. Ikafika pale kwenye kimya. Mimi nimejishika kichwa. Leitu amekunja uso anasikiliza. Mara akaruka, kiti kikaanguka.

"We mjinga!" akaniambia. "Mbona nilikujibu hapo!"

"Ulinijibu nini? Hakuna kitu!"

"Nilikujibu hivi!" Akainua nyusi.

Shangazi, nikapiga yowe! Nyusi! Nilimuuliza ana hasira, akainua nyusi, ndiyo. Nikamwinulia na mimi, nimesikia. Akanyamaza, akanitazama kama anauliza niendelee?, nikainua, endelea. Ndipo akalia, nikamwinulia tena, niko hapa. Yote yale tuliyazungumza, hata moja halikuingia kwenye kanda! Tulicheka mpaka mama mdogo wake Leitu akaja na mwiko kuona kuna nini. Tulipomweleza, naye akacheka, akakaa chini, akasema kumbe ndiyo maana watu wa benki wanamwuliza kitu kimoja mara nne.

Kwa hiyo sasa najua, na kujua hakunisaidii. Mtihani wa pili ni mwanzoni mwa Novemba, mwalimu ni yeye yule, rekoda ni ile ile. Nitamwambiaje? Nisimame mbele ya mwalimu wangu, mtu mzima, nimwambie amekosea? Mdomo wangu haujaumbwa hivyo, na wewe ndiye uliyeuumba. Leitu anasema nijifunze kusema "mm-hm, mm-hm" kama Wazungu. Nimejaribu. Nasikika kama mtu anayemeza dawa.

Nifanye nini?

Temaleti wako


Makave
21 Septemba 1997

Mwanangu Temaleti,

Marahaba, na marahaba tena.

Nilipofika pale pa nyusi niliiweka barua chini nikatoka nje. Wanawake walikuwa wanapiga magome, nikawaambia waache kidogo. Wakaniuliza kuna msiba? Nikawaambia hapana, endeleeni.

Nami nitakuandikia yote, maana ndivyo nilivyokuamuru wewe.

Hospitali ile nilifika na miaka kumi na tisa, nimevaa viatu vya binamu yangu. Matroni alikuwa mwanamke mrefu, kazi anaijua kweli kweli, mpaka leo nakunja shuka kama alivyonifundisha. Kila asubuhi alitupanga mstari akatueleza kazi za siku, halafu anapita kwa kila mmoja: "Umeelewa?" Nami kila asubuhi nilimjibu. Hakuwahi kupata jibu langu hata moja. Kwanza akaniuliza kwa sauti kubwa zaidi. Halafu akaniuliza polepole, kama mtu anayesema na mtoto. Mwisho akaacha kuniuliza, akawa ananipa ndoo na ufagio, wenzangu wanakwenda wodini. Siku moja nikamsikia anamwambia daktari, "Yule wa Tonga hajibu. Sijui kama kuna kitu ndani."

Na mimi nikaamini. Unaona? Niliamini kwamba sina kitu ndani. Nikapanda meli nikarudi, nikawaambia kuna baridi. Wakanipa shuka la pili.

Nimeishi vizuri, usinionee huruma, sitaki. Nimewaendesha watu hapa mpaka wamenyooka. Lakini miaka yote hii nilidhani nilikuwa mjinga, na leo mtoto niliyemlea mwenyewe ananiandikia kwamba nilikuwa nazungumza.

Sasa sikiliza vizuri. Nilikuambia usimjibu mtu mzima, na bado nasema hivyo hivyo. Wewe hutamjibu. Mimi ndiye nitakayemjibu. Nakutuma. Mtu aliyetumwa habebi maneno yake, anabeba ya aliyemtuma, na wewe unajua huko kwenu nani yuko juu kwenye ule mti. Utakwenda kwa huyo Glenys, utakaa chini kwa adabu, utamwambia: "Shangazi yangu Seluvaia wa Makave anakusalimu. Anasema mtoto wake alikuwepo. Anasema masikio yako ni mazuri, sasa lete na macho."

Neno kwa neno. Usipunguze ukali, nakujua.

Na baba yako mwambie leo. Akileta shida, mwonyeshe sahihi yangu.

Shangazi yako


Otahuhu
12 Novemba 1997

SHANGAZI!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Wote wazima, Baba mzima, Mama mzima, mbwa wa jirani mzima na kahamia kabisa. Naandika mbio, usijali mwandiko.

Nianze na Baba. Nilimwambia usiku ule ule barua yako ilipofika. Nikamwonyesha sahihi. Aliisoma barua yote, ile sehemu ya Matroni akairudia. Akasema, "Kumbe haikuwa baridi." Halafu akaenda kuosha vyombo, Baba! Hajawahi kuosha vyombo. Alipogeuka akaniambia, "Nenda kaseme kama dada alivyosema."

Kesho yake nikaenda ofisini kwa Mwalimu. Nikakaa. Akasema, "Nakusikiliza, Temaleti." Nikasema, "Mwalimu, leo si mimi. Nimetumwa na shangazi yangu." Akauliza, "Shangazi yupi?" Nikamwambia yule wa juu kabisa kwenye mti.

Shangazi, akanyanyuka, akafungua kabati, akautoa mti wangu wa ukoo! Akauweka mezani, akakuangalia pale juu. Ndipo nikasema maneno yako, neno kwa neno, macho nimeyaweka mezani. Nilipofika "sasa lete na macho" sauti ilinitoka kubwa mno, mtu wa ofisi ya pili akachungulia.

Mwalimu akaweka kalamu chini. Nikajua hapo ndiyo mwisho wangu.

Akauliza, "Unataka kuniambia kwamba kwenye ile kanda ulikuwa unaongea?"

Nikainua nyusi.

Akangoja. Nami nangoja. Akaanza kufungua mdomo ili aniulize tena, halafu akasita, akanitazama. Akasema polepole, "Hapo. Umenijibu hapo, sasa hivi." Nikainua tena. Akasema, "Mungu wangu. Tangu Februari umekuwa ukinijibu." Nikainua tena, na safari hii nikacheka, naye akacheka, halafu akaacha kucheka. Akavua miwani. Akaniambia, "Kuna wengine kabla yako, Temaleti. Miaka yote. Kuna msichana mmoja wa kisiwa cha Niue nilimwandikia neno lile lile." Machozi yakamtoka. Sikujua nifanye nini, nikamtilia chai.

Akaniambia ukweli, hawezi kufuta maksi, mtihani ni mtihani na kanda haionyeshi uso. Lakini anaweza kukaa chumbani mwenyewe kwenye mtihani wa pili, aone. Rekoda nayo lazima iwashwe, kwa sababu kuna mkaguzi wa nje anayesikiliza. Hapo nikakuona unakunja uso, lakini nimelifikiria hilo.

Jana ndiyo ilikuwa siku. Leitu ameketi mbele yangu, Mwalimu kwenye kona na soksi zake, daftari mapajani. Leitu akaanza pale pale alipoishia, kwa mama yake. Nikamuuliza, kama ungekuwa na mama yako saa hii, kuna neno ungemwambia? Akainua nyusi. Nami nikainua. Halafu nikasema kwa sauti, taratibu, "Umeniambia ndiyo. Nimekuona."

Shangazi, sikulisema kwa ajili ya kanda tu. Nilidhani ni kwa ajili ya kanda, lakini Leitu alipolisikia uso wake ukafunguka. Akasema, "Hakuna mtu wa huku aliyewahi kuniambia amenijibiwa." Ndivyo alivyosema, vibaya vibaya hivyo, akajicheka, na hapo akamwaga yote. Akamgombeza mama yake, akamwomba radhi, akamsimulia habari za watoto. Nilipokuwa na la kusema nilisema, nilipokuwa nalo usoni nililisema usoni, halafu nikaitafsiria rekoda kama unavyomtafsiria bibi asiyesikia. Hata "mm-hm" sikuhitaji!

Tukatoka. Leitu akaenda kunawa uso. Mimi nikasimama kwenye ukumbi. Mwalimu akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Sikuweza kungoja. Nikasema, "Mwalimu, nimefaulu?"

Akanitazama, akavuta pumzi, na akainua nyusi.

Shangazi, hajui! Aliinua na paji lote, na masikio yakapanda, kama mtu aliyetuliwa na nzi! Lakini alikuwa ameinua! Nikapiga kelele, nikamkumbatia, na mdomo wangu ukasema "Glenys!" Nisamehe, lilitoka lenyewe, mara moja tu, halitarudi tena.

Leo amenionyesha karatasi ya maksi. Mkaguzi naye amekubali. Neno la mwisho kaandika: "Yupo."

Mahafali ni Aprili. Baba anasema atachimba jiko la ardhini nyuma ya nyumba, jirani apende asipende. Glenys, yaani Mwalimu, ameniuliza kama yule wa juu kwenye mti atakuja, kwa sababu angependa kukaa naye. Nikamwambia nitauliza.

Basi nakuuliza. Najua hujakanyaga huku tangu siku ile ya meli. Najua neno utakaloniandikia. Lakini nakuuliza, Shangazi. Utakuja?

Mwanao, mshauri,
Temaleti


Makave
8 Desemba 1997

Mwanangu Temaleti,

Marahaba. Barua yako imesomwa kanisani yote, hata pale ulipomwita mwalimu kwa jina. Hapo nilisimama kidogo nikawatazama, hakuna aliyethubutu kucheka. Nguruwe wa mchungaji ameliwa, Mungu amlaze anapostahili, tumemla sisi wa kikundi na wanga wetu ukiwa ndani yake. Mzee jirani amepona kikohozi baada ya kuacha kupelekewa supu. Jua ni kali.

Tumeanza ngatu mpya. Nusu ni ya mwalimu wako. Mwambie si ya mtihani, mtihani umekwisha. Ni ya yule msichana wa Niue pia, kama anajua alipo, agawane naye.

Bwana Paula wa posta ana kamera sasa. Nilimwita aje anipige picha mbele ya nyumba, nimevaa lile gauni la bluu na mkeka wa heshima kiunoni. Yule bwana akaanza kunisumbua: mama tulia, mama tuliza uso, paji la uso lishushe, picha itaharibika. Nikamwambia apige hivyo hivyo, ananikatiza maneno. Akasema lakini mama hujasema kitu. Nikamwambia kweli wewe umekaa posta mno.

Picha nimeiweka ndani ya bahasha hii. Swali lako la mwisho nimekujibu humo, uitazame vizuri, hapo juu ya macho.

Na unitafutie sweta.

Shangazi yako,
Seluvaia